Baba, Ni Wewe Uliyekuwa Ndani ya Gunia

Baba yangu Gathogo,

Hukupenda barua. Ulikuwa ukisema barua ni za polisi na za kanisa, na zote zinakuita uende mahali usipotaka. Basi hii inatoka kwangu, na nimeamua kila mtu aisome. Ukitaka kukasirika huko uliko, kasirika. Mimi nimekaa na hasira zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyeniuliza zinanikaaje.

Unajua ninachosomea, ingawa hukuacha kunicheka hadi ulipokufa. "Mama, chuo kikuu kizima, mnakaa tu mnatazama video?" Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako, Nyokabi, na kwetu mtoto mwenye jina la mzazi wako humkemei ovyo. Ndiyo, baba, tunatazama video. Ninachunguza jinsi filamu za nchi hii zinavyosimulia historia yake: nani anapewa bunduki, nani anapewa maneno ya kusema, nani anakufa haraka haraka bila jina. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu Hali ya Hatari, ile miaka ambayo Waingereza walisaka watu wetu Nairobi nyumba kwa nyumba. Katikati ya sura hiyo kuna gunia.

Kwa asiyejua, nieleze. Watu walikusanywa uwanjani wakakalishwa chini, mikono kichwani. Kisha analetwa mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi magotini, lina matundu mawili ya macho. Anatembezwa mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine. Hasemi neno, kwa maana sauti yake ingetambulika. Huyo ni jirani, pengine mlikunywa naye chai jana. Anaitikia kwa kichwa tu. Akiitikia mbele yako, umekwisha. Lori linakungoja, na wengi waliopanda hawakurudi.

Nimetazama kila filamu ya kwetu niliyoipata yenye mtu wa gunia. Karibu zote zinampa dakika moja. Anaingia, anaitikia, anatoka, kisha kamera inamfuata shujaa kwenda msituni na sisi tunasahau kulikuwa na mtu mle ndani. Hakuna hata filamu moja inayomvua. Katika mojawapo ya filamu hizo, ile inayorushwa kwenye televisheni kila sikukuu ya taifa, dakika ya arobaini na mbili, mtu wa gunia ni wewe.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kutazama! Hilo ndilo linaloniua. Jumamosi mchana, ukishafunga karakana yako ya useremala sokoni Gikomba, ulikuwa ukinishika mkono tunavuka barabara hadi ule ukumbi wa video wa mabati pale mtaani kwetu Shauri Moyo, tunabanana kwenye benchi na vijana wenye kelele. Vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zako. Wenzangu wote walimshangilia stelingi, yule shujaa wa filamu, mimi pia, na wewe ukaniinamia sikioni: "Achana na stelingi, mama. Huyo hafi. Angalia walio nyuma yake." Nikaanza kuangalia walio nyuma. Nikamwona mtu aliyeuawa darajani mwanzoni akirudi kuuawa tena sokoni amevaa kofia. Tulicheka mpaka tukafukuzwa. Hiyo ndiyo shule yangu, baba. Maprofesa walikuja baadaye.

Nikaja kujua kwa nini ulipenda walio nyuma. Baba yako alikuwa mmoja wao. Ulikuwa na miaka minne wakati askari walipowatoa watu wa Shauri Moyo nyumbani na mtu wa gunia akaitikia mbele yake. Alipandishwa lori. Hamkupata kaburi, hamkupata hata kofia. Shosho, mama yako, alikuwa ameketi chini na wanawake, wewe mapajani, na hakuthubutu kuinua uso. Akatazama chini, basi alichokiona ni miguu. Mtu wa gunia alivaa akala, zile ndara za tairi, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.

Hadithi hiyo tumelishwa pamoja na uji. "Uso waliufunika," Shosho alikuwa akisema, "miguu wakaisahau." Alitafuta mguu huo maisha yake yote. Kanisani, sokoni, kwenye mazishi, macho yake yalikuwa chini. Watu walidhani ni mama mnyenyekevu. Mnyenyekevu gani! Alikuwa anawinda. Na kila alipomaliza kusimulia aliufunga mlango kwa usemi wake: "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha anakuangalia wewe, mwanawe wa pekee, mpaka unainamisha kichwa.

Ndipo filamu ikaja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Malori yao yaliziba njia, wakaweka seng'enge kuzunguka uwanja wetu, wakapaka nyumba za mawe matope ili zionekane za zamani, kana kwamba hazikuwa za zamani. Kila mtu alitaka kuingia. Wewe uliingia kwanza kwa ufundi: walikupa kazi ya kuchonga bunduki na rungu za askari. Nakumbuka ulivyojivuna. Ulichonga rungu za aina mbili, za mti mgumu za kushikwa mbele ya kamera, na nyingine za sponji ulizofunika kitambaa na kupaka rangi, za kumpigia mtu. Ukinigonga nayo ya sponji kichwani, mimi ninaanguka na kufa, unasema, "Amka, mama, shosho atanishtaki."

Mwelekezi wa filamu alikuwa kijana wa kwetu aliyesomea ng'ambo, ana haraka na ana kipaza sauti. Watu wa mkoa wa Magharibi, akina baba Wafula rafiki yako wa karakana, aliwafanya askari. Sisi watu wa mkoa wa Kati tulikuwa wa kukamatwa. Hakuuliza mtu. Akatuamuru sote tuvue viatu.

"Kwa nini?" Shosho akauliza.

"Mama, wakati ule watu hawakuwa na viatu."

"Nani kakwambia? Mume wangu alikuwa karani. Walimchukua na viatu vya ngozi vya kamba."

Kijana akacheka vizuri, kwa heshima, akasema picha itapendeza zaidi miguu ikiwa mitupu. Nimeandika kurasa kumi na tisa kuhusu sentensi hiyo, baba. Filamu zetu hazikosei kwa kukosa kuambiwa, zinakosea kwa kupenda picha ipendeze. Hata hivyo sikuandika kilichotokea viatu vilipovuliwa, na hilo ndilo lililoua mtu.

Kwa maana mle mstarini alikuwemo Mzee Kariithi. Unamkumbuka, usijifanye. Mzee wa zaidi ya sabini, alikuwa akiuza viatu vya mitumba Gikomba, safu ya nyuma ya karakana yako. Alivipiga viatu rangi mpaka ukajiona ndani yake. Hakuwahi kuonekana amevaa ndara, hata msimu wa joto. Asubuhi hiyo alivua viatu vyake, akaingiza soksi ndani kwa utaratibu, akasimama pekupeku kwenye vumbi. Na mguu wake wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.

Shosho aliuona kabla yangu. Tulikuwa tumeketi na wanawake, mikono kichwani, na nikasikia pumzi yake ikibadilika.

Wakati wa chai alikuita kando. Mtu wa gunia ulikuwa wewe kwa sababu watu wote wa Kati walikataa, wazee walisema hata kwa mchezo ni nuksi, na wewe ukasema, "Leteni hapa, gunia ni gunia." Ulikuwa umelikunja begani. Mimi nilikuja na kikombe chako, na nikasikia kila neno.

"Gathogo. Yule mzee wa viatu. Mguu wa kushoto."

"Mama, wacha. Watu wengi wamekatika vidole."

"Lisemwalo lipo."

"Nani amesema?"

"Nimesema mimi," akasema Shosho. "Au baba yako alikuwa mbuzi?"

Ulikunywa chai yote kwa mkupuo, ya moto vile, ukanirudishia kikombe bila kuniangalia. Nilitamani uangalie. Mtoto akiogopa hutafuta uso wa baba yake aone kama ni lazima aogope, na wewe uso wako ulikuwa umeshaondoka.

Walikuwa wamerekodi mara mbili tayari. Kila mara ulipaswa kuitikia mbele ya kijana wa tatu, mwigizaji wa kulipwa, na akina baba Wafula wanamtoa na kumpiga kwa rungu za sponji. Mara ya tatu ukampita. Nimeitazama hiyo picha fremu kwa fremu, na bado huwa natumaini utasimama pale kwa yule kijana. Unampita wa nne, unampita wa tano. Unafika kwa Mzee Kariithi, unainama, unatazama mguu. Kisha unasimama wima na unaitikia. Si mara moja. Mara tatu, na ya tatu ni kwa nguvu hadi gunia likapanda na vifundo vya vidole vya mikono yako vikaonekana.

Askari wakababaika. Hawakuambiwa hivyo. Mwelekezi akapiga kelele, "Endeleeni! Endeleeni, nzuri sana!" Basi baba Wafula akamshika mzee mkono amtoe, kama kazi ilivyokuwa.

Mzee Kariithi hakuigiza. Alimng'ata baba Wafula mkono mpaka damu ikatoka. Alijirusha chini, akashika miguu ya aliyekuwa karibu naye, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kusikia mtu mzima akilia nayo: "Si mimi! Tayari mlinichukua! Si mimi!" Hakuna aliyeyasikiliza maneno yale. Tulisikia kelele tu, tukasema mzee anaweza kuigiza.

Ndipo Shosho akasimama. "Ndiye!" akapiga yowe. "Ndiye aliyemuuza mume wangu! Ndiye!"

Na uwanja ukapinduka. Sijui niiseme vipi. Wale wanawake, nusu yao walikuwa na baba au babu aliyepanda lori, na tangu asubuhi walikuwa wameketishwa juani, mikono kichwani, wakitukanwa na askari wa bandia, mpaka ubandia wenyewe ukawa umeisha. Waliruka seng'enge. Khadija wa mandazi, mama mpole kuliko wote, alimkanyaga mzee kifuani kwa kisigino. Mtu mmoja akamvuta sikio hadi likachanika. Baba Wafula, mkono unavuja damu, hasira zimempanda, akachukua rungu iliyokuwa karibu akampiga nayo kichwani mara mbili, na ilikuwa ya mti. Ulikuwa umeichonga wewe, baba, na ulichonga vizuri. Mlio wake uko kwenye filamu. Kwenye ukumbi wa chuo, wenye spika nzuri, watu huinua mabega wakiusikia.

Na wewe ulisimama. Dakika mbili na nusu, gunia kichwani, ulisimama pale pale. Hukumpiga, hilo nalikubali. Hukusema "acheni" pia. Neno moja! Sauti yako ingetosha, wote walikuwa majirani zako, wangekusikia. Lakini mtu wa gunia hasemi, si ndiyo? Ulikifuata kisa mpaka mwisho.

Kamera haikuzimwa. Kijana yule aliona anapata kitu ambacho hatakipata tena, akaacha iende. Mzee Kariithi alifia hospitalini siku ya tatu. Ikasemwa ni ajali ya kazi, umati ulizidi. Baba Wafula peke yake alikwenda kituoni akasema, "Nilimpiga mimi," akalala ndani wiki mbili, mkewe akiwa mjamzito. Wewe ulikuwa rafiki yake, baba. Ungesema, "Mimi ndiye niliyeitikia." Hukusema. Kabla mwezi haujaisha ulitupakia kwenye mkokoteni na pikapu tukahamia mtaa wa Lucky Summer, eti kodi ni nafuu na hewa ni safi. Mama alijua. Nilipomuuliza alinifinya shavu akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite." Tukafunika. Shosho hakutazama chini tena tangu siku hiyo. Alitembea kichwa juu, mwenye amani, akafa usingizini. Ilinikera amani yake, na nilimlilia kuliko wote.

Wewe hukupata amani. Nilikuona. Hukuingia tena ukumbi wa video. Kila sikukuu filamu ile ilipoanza, ulitoka nje ukaranda mbao ambayo haikuhitaji kurandwa. Na ilisifiwa, baba, usiombe! Imeandikwa hakuna tukio la kweli zaidi ya lile katika filamu zote za kwetu, imeandikwa "uigizaji wa umati ulio hai." Mimi mwenyewe nimeandika hivyo. Ndiyo. Katika insha yangu ya kwanza chuoni niliandika kwamba mtu wa gunia ni "ishara ya usaliti usio na uso." Usio na uso! Na vifundo vyako nilivijua kabla sijajua kusoma, nilivipaka mafuta ulipoungua na gundi. Nilipewa alama nzuri sana, nikanunua soda, nikaimwaga.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie.

Mwaka huu, kwa ajili ya sura ile, nilikuwa nikihoji watu wa Shauri Moyo na Majengo walioonekana kwenye filamu. Nikaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja Gikomba, anaitwa Mama Soni. Nilifika, nikakaa kwenye kigoda kati ya mabelo ya mitumba, nikawasha kinasa sauti. Kabla sijauliza la kwanza akasema, "Yule mzee aliyeuawa pale ni babangu."

Ningeondoka. Nikabaki kigodani.

Alinisimulia huku akipunguza suruali ya mtu, mashine haikusimama. Babake alikaa kwenye kambi ya kizuizini ya Waingereza miaka mitano. Alikamatwa hapo hapo Shauri Moyo, kwenye msako ule ule, siku ile ile ya babu. Mtu wa gunia aliitikia mbele yake. Alipandishwa lori moja na karani mmoja aliyevaa viatu vya kamba, ambaye alimshika mkono akimpa moyo njiani, halafu wakatenganishwa. Kidole chake kilisagwa na jiwe kambini, alipokuwa akivunja kokoto. Mama Soni alifungua Biblia akanionyesha karatasi ya kuachiliwa, imekunjika hadi imekuwa laini. Kwenye alama za mwili wameandika: kidole kidogo, mguu wa kushoto, hakipo.

Kwamba Shosho aliona mguu wenye kidole kilichokatika siku ile, naamini. Haukuwa wa Kariithi. Siku ile Kariithi alikuwa na vidole vyote kumi, ameketi mstari mmoja na baba yako. Wewe uliyemtafutia babako haki, uliua mtu wa mwisho aliyemshika mkono.

"Kwa nini alikubali kuingia kwenye filamu?" nikauliza. Ilikuwa lazima niulize kitu.

"Alitaka wajukuu waone," akasema Mama Soni. "Asubuhi hiyo alikuwa na furaha. Aliniambia, safari hii wakiniitikia nitashuka kwenye lori, nije ninywe chai." Akakata uzi kwa meno. "Baba Wafula nilishamsamehe. Huja hapa kila mwaka, ananiletea mahindi. Lakini msichana wangu, wewe unayesoma mambo haya, si unaweza kunitafutia yule aliyekuwa ndani ya gunia? Pale mwisho wameandika tu 'wakazi wa mtaa.' Nataka jina. Sitamfanya kitu. Nataka tu jina."

Nikamwambia nitatafuta. Haki ya Mungu, baba, nilimwambia nitatafuta, na wewe umelala makaburini Lang'ata, jina lako liko kwenye kitambulisho changu.

Miezi miwili nilizunguka na hilo. Nilijiambia maiti haijitetei, sijui ulikuwa na lengo gani, huenda hata wewe ulikuwa mtoto wa miaka minne mle ndani ya gunia ukimtafuta baba yako. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalomfaa Mama Soni. Nilijaribu kuandika sura bila tukio lile. Msimamizi wangu akaniuliza, mbona umeiruka filamu muhimu kuliko zote? Kisha akaisimamisha picha kwenye ukuta wa ofisi yake, akanionyesha kwa kalamu. "Na huyu msichana hapa pembeni, mwenye kitambaa cha njano, mbona hujamtaja? Angalia mkono wake."

Nilikuwa nimeshamwangalia, baba. Uliniambia niangalie walio nyuma. Msichana wa kitambaa cha njano ni mimi. Mkononi nina jiwe. Fremu tisa baadaye mkono ni mtupu na Mzee Kariithi anashika jicho lake.

Wewe hukujua hilo. Au ulijua? Ulikuwa na matundu mawili tu na hukugeuka upande wangu. Nilirusha kwa sababu Shosho alisema ndiye, na kwa sababu wewe uliitikia, na katika maisha yangu yote hukuwahi kunidanganya. Sisemi hivi ili nikutupie mzigo wangu. Mkono ni wangu. Lakini ujue kwamba niliamini kichwa chako.

Alhamisi iliyopita nikaenda Gikomba. Sikuwasha kinasa sauti. Nilisimama, maana kukaa kungekuwa kukosa adabu, nikasema, "Mama Soni, aliyekuwa ndani ya gunia anaitwa Gathogo, seremala, alikuwa nyuma ya safu yenu ya viatu. Ni babangu. Amekufa miaka minne sasa. Aliyepiga yowe ni nyanyangu. Na mimi nilirusha jiwe, likampata jichoni."

Mashine ilisimama. Aliinuka polepole, akanizaba kofi nikaona nyota, akarudisha upande wa pili. Wachuuzi wakageuka. Mkono wake ulikuwa umetangulia kwenye mkasi, na nilimwona akiuona mkasi, na nilimwona akiuacha. Akakaa. Alilia kwa hasira, bila kujifuta.

"Alikuja kujua?" akaniuliza. "Babako. Alikuja kujua babangu alikuwa nani?"

Ningeweza kumdanganya pale. Ungeonekana mtu aliyetubu. Nilitafuta siku hata moja uliyouliza, uliyorudi, uliyopita karibu na nyumba yao, baba, nikutetee nayo. Sikuipata.

"Hakuuliza," nikasema.

Mteja akaja kuchukua suruali, akaambiwa arudi kesho.

"Sasa utaandika," akasema hatimaye. "Utaandika yote, na yako pia. Ila usianze na babako. Mimi nimechoka. Kila mtu anayekuja hapa anataka kujua nani aliua. Hakuna aliyewahi kuniuliza babangu alikuwa anaitwa nani jina lake lote."

Nikamuuliza. Akaniambia, herufi kwa herufi, nikaandika kwenye kiganja kwa sababu daftari nilikuwa nimeacha.

Nimeiandika upya sura ya tatu. Inaanza naye: Kariithi wa Mugwe, muuza viatu, mfungwa wa miaka mitano, aliyeitikiwa mara mbili katika maisha yake na mara zote mbili hakuwa na kosa. Wewe unafuata, kwa jina lako na kazi yako. Kisha Shosho. Kisha mimi. Msimamizi aliniuliza kama familia itakubali, nikamwambia familia ndiyo inayoandika. Mama hajazungumza nami tangu Jumapili. Jamaa zako wamesema nimewavua nguo. Watasema mengi.

Nakupenda, baba. Nalisema wazi ili wote walione: nakupenda, na ulimuua mtu, na nilikusaidia. Nilidhani nikingoja vya kutosha moja kati ya hayo litaondoka, lakini hakuna linaloondoka. Nakukosa siku za Jumamosi. Nakukosa ukinicheka. Sijui kama nimekusamehe. Si mimi wa kukusamehe.

Mama Soni ameomba nakala ya sura hiyo. Nitampelekea mwenyewe kesho asubuhi. Amesema atampa mjukuu wake aisome kwa sauti pale kibandani, mpaka mwisho, na kwamba nikae hapo nisikie nikitajwa.

Nitakaa, baba. Kwa niaba yako pia.

Binti yako,
Nyokabi